Hesabu ya Tuta

Saa kumi alfajiri Zamda ameshaondoka kwenda Buguruni
na mafungu themanini ya mchicha kichwani,
maji yanamtiririka shingoni
kabla jua halijajua kwamba kumekucha.
Ameniachia watoto wawili na maagizo matatu:
uji usiungue,
Mwajabu asikaribie kisima,
Kobelo asile udongo.

Udongo anakula. Nimeshindwa.
Namtoa tonge kwa kidole, anaking'ata kidole;
ana meno manne na nia ya trekta.

Huku Ulongoni bondeni ndege hushuka chini
mpaka unaona matairi yakichomoza tumboni.
Mwajabu huzipungia kwa ndoo.
Anaamini rubani anamjua kwa jina,
na siku asipopunga, watapotea njia.

Watu wa mlimani, wenye nyumba za vigae,
wakija kununua matembele huuliza,
huyu binti ana miaka mingapi? Nasema minne.
Moyoni nina hesabu yangu:
mchicha ni siku ishirini na moja, toka mbegu mpaka fungu.
Mwajabu ana mavuno sitini na tatu,
na mengine sita yaliyobebwa na mafuriko,
hayo naye aliyaishi, juu ya meza,
yeye na redio na gunia la unga.
Kobelo hajafika ishirini.

Sijui kulea. Najua kupunguza miche.
Ukiiacha imesongamana, yote inakonda;
ukiing'oa ovyo, unaondoka na mzizi wa jirani.
Nilijaribu elimu hiyo nyumbani, ikagoma.
Mtoto humpunguzi. Unamwongezea:
maji, shuka, sauti,
na uongo mdogo wa usiku
kwamba vyura wanapiga kelele kwa sababu wameshiba.

Nilimkatia tuta lake,
hatua mbili kwa moja, kando ya mgomba.
Akapanda figiri, mfupa wa kibua
na kifungo cha shati langu la Idi.
Figiri imeota.
Shati bado tunalisubiri.

Halafu wakaja vijana wawili wa vipimo,
fulana za kung'aa, chombo cha miguu mitatu.
Mwisho wa tuta la Mwajabu
wakachimbia jiwe la saruji, lina chuma katikati na namba ubavuni.
"Mzee," wakaniambia, "hili lisiguswe."
Nina miaka thelathini na mmoja.
Wakanunua chainizi ya mia tano, wakadai nyongeza,
nikawapa.

Tangu siku ile, kila jioni,
keni zangu zikishakauka,
namwona na kidumu chake cha mafuta ya kula
kilichotoboka pembeni.
Anaipita figiri, anampita mgomba,
anakwenda kulimwagilia jiwe.
Nusu ya maji inaishia miguuni mwake.
Nyuma anatambaa Kobelo,
akifika analipigapiga
kama tunavyompiga yeye mgongoni akipaliwa.

"Baba, hili linachelewa."

Maneno nilikuwa nayo, yamejaa mdomoni:
mpaka, fidia, mwezi wa sita,
chumba kwa mjomba wako Chanika
ambako maji ni ya kununua.
Nikayameza na mate.
"Liongezee mbolea," nikasema.

Akaenda kwenye gunia la mbolea ya kuku,
akachota viganja vitatu,
akaviweka taratibu, kimoja kila upande,
cha tatu juu ya namba.

Zamda aliniuliza usiku, jiwe linanukia nini?
Sikumjibu. Nilikuwa namnawisha binti yake,
amesinzia, kichwa kwenye goti langu,
mikono imelegea ndani ya beseni.
Chini ya kucha zake bonde zima limejificha.
Nikasugua kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete.

Kidole cha mwisho nimekiacha hivyo hivyo.